Miwani ya Mwenzako



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo sisi wakubwa hulipita mbio kwa kuliona la kitoto, ilhali mtoto lililompata hulala nalo na kuamka nalo. Mwenzake wa darasani amemharibia kitu chake. Nani alipe?

Tuchukue miwani. Msichana wa kidato cha pili haoni ubaoni bila miwani. Mapumziko ya saa nne ameivua, kaiacha juu ya dawati, katoka kwenda kunawa uso. Huku nyuma wavulana wawili wanafukuzana kati ya madawati. Mmoja anajikwaa, dawati linapinduka, miwani inaruka, na wa pili hajui hata amekanyaga nini mpaka asikie mlio. Kioo kimoja kimepasuka, mkono umekatika. Kengele inagongwa, mwalimu wa hesabu anaingia, kipindi kinaanza. Msichana anakodoa macho ubaoni na kuona weupe mtupu.

Baada ya hapo maneno hufuatana kwa mpangilio ambao mtu yeyote aliyekaa na shule anaujua. Mwalimu wa zamu anamwuliza msichana kwa nini aliacha miwani juu ya dawati. Wavulana wanaapa kwamba hawakukusudia. Mzazi wa mmoja wao akipigiwa simu anasema hao ni watoto, walikuwa wanacheza, yeye angefanya nini akiwa sokoni? Na mwishowe anatokea mtu wa heshima, mwenye sauti ya upole, anamwambia msichana, "Mwanangu, msamehe tu, huyu ni mwenzako." Kila aliyesema ana chembe ya haki katika neno lake. Lakini yakijumlishwa yote, aliyelipa ni yule ambaye hakuwamo hata ndani ya chumba. Amelipa kwa macho yake, na wazazi wake watalipa kwa mfuko wao. Hilo ndilo ninalopinga jioni hii, na ninalipinga kwa moyo wangu wote.

Tulianze neno "sikukusudia". Kukusudia au kutokukusudia ni swali la adhabu. Tukitaka kujua kama mtoto aadhibiwe, na kwa kiasi gani, lazima tuulize alikuwa na nia gani. Fidia ina swali jingine kabisa: kitu cha mwenzako kilikuwa kizima, sasa si kizima, na mkono uliokifikisha hapo ni wa nani? Shule zetu huchanganya mambo haya mawili, na kwa kuchanganya humkosesha aliyeharibiwa. Mvulana anaitwa ofisini, anachapwa, kesi imekwisha. Kanuni za Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi 4, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Haya, tuseme vimetimia vyote 4. Vimerudisha kioo? Vimeunga mkono wa miwani? Aliyechapwa anatoka ofisini akijiona amemaliza deni, na anayemdai yuko palepale, haoni. Kibaya zaidi, mvulana anayejua kwamba kukiri ni fimbo atajifunza kunyamaza. Siku nyingine atakanyaga kitu cha mwenzake na kukisukuma chini ya dawati kwa mguu. Ningependa mtoto ajue kwamba akikiri mapema hatapigwa, atalipa.

Waislamu miongoni mwetu wanaijua hadithi ya bakuli. Mtume Muhammad alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, akaletewa chakula na mke mwenziwe, na yule mwenye nyumba kwa wivu akaupiga mkono uliolishika bakuli, likavunjika. Mtume akaviokota vipande, akakusanya chakula kilichomwagika, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yao ameshikwa na wivu. Hakufoka. Lakini hakumalizia kwenye kuelewa tu. Alichukua bakuli zima la nyumba ile iliyovunja, akalipeleka kwa yule aliyevunjiwa, na lililovunjika akaliacha kwa aliyelivunja. Mimi huipenda hadithi hii kwa sababu huruma na haki zimekaa humo pamoja, hakuna iliyomfukuza mwenziwe. Aliyekosa hakudhalilishwa mbele ya wageni, na aliyekosewa hakuambiwa asamehe aende zake mikono mitupu.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba aliyeharibu ndiye alipe, hata kama hakutaka. Naam, lakini si kila uharibifu una mtu mmoja nyuma yake. Wale wavulana walikuwa wawili. Aliyekanyaga ni mmoja, ila mchezo wa kufukuzana ndani ya darasa walikuwa nao wote, basi na deni ni la wote wawili, nusu kwa nusu. Haifai kumsaka "wa mwisho kugusa" kana kwamba wa kwanza hakupindua dawati. Na kama mwenye miwani mwenyewe angekuwa mmoja wa waliokuwa wakirukiana, akaivaa huku akipigana mieleka, hapo na yeye ana fungu lake. Aliyeingia mchezoni na kitu chake amekiingiza mwenyewe.

Kuazima ni mlango mwingine. Umemwazima mwenzako baiskeli aende posta, amerudi nayo rimu imepinda. Anasema barabara mbaya. Barabara ilikuwa mbaya tangu asubuhi, naye aliiomba baiskeli akiijua barabara. Maandiko ya kale yana msimamo mkali katika hili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, aliyeazima mnyama akaumia au kufa mwenyewe hayupo, sharti alipe. Mwenyewe akiwapo, halipi. Tofauti hiyo ina busara kubwa: mwenye kitu akiwapo anaweza kukataza, anaweza kusema punguza mwendo. Asipokuwapo, amekuachia wewe macho yake. Na katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 6, yumo mmoja wa wanafunzi wa manabii, aliyekuwa akikata mti, shoka likachomoka likazama mtoni. Kilio chake hakikuwa cha kupotea kwa chuma. Alililia shoka kwa sababu lilikuwa la kuazima. Vijana wangapi leo huhisi hivyo wakipoteza kalkuleta ya jirani wa dawati?

Kuna na mali isiyotakiwa shuleni. Mtoto ameingiza simu ya bei kubwa kinyume cha kanuni, ameificha chini ya godoro, mwenzake amekaa kitandani na kioo kimepasuka. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wazazi hawatalipenda. Aliyekaa kitandani hakuwa na njia ya kujua kilichofichwa, na gharama ya siri ni ya mwenye siri. Nisieleweke vibaya: kupigwa marufuku kwa simu hakumpi mtu ruhusa ya kuichukua akaibamiza ukutani. Anayeharibu kwa makusudi alipe, kiwe kitu halali au kisicho halali. Lakini kwa bahati mbaya ya kawaida, mtoto wa mkulima asibebeshwe thamani ya anasa ambayo shule ilikataza mapema ili kisa kama hicho kisitokee.

Na thamani yenyewe ipimwe vipi? Wazazi hugombana sana hapa. Mmoja anataka kipya kutoka dukani, mwenziwe anasema kilichovunjika kilikuwa kimechoka. Mimi hutenganisha kitu cha kusomea na kitu cha kupendezea. Miwani, kalkuleta, mkebe wa jometri, sare: mtoto hawezi kukaa bila hivyo, na miwani ya miaka 2 huwezi kuinunua popote ikiwa nusu bei. Alipwe kitu kinachofanya kazi ileile, bila kuhesabu uchakavu, na bila kupanda daraja pia. Kama fremu ilikuwa ya kawaida, iletwe ya kawaida. Fundi akiweza kutengeneza, itengenezwe. Ila saa ya mkononi, mkufu, begi la fahari, hivyo vilipwe kwa jinsi vilivyokuwa siku ile, si kwa hasira ya mwenyewe.

Sasa twende kwenye pesa. Mvulana wa kidato cha pili hana kitu. Sheria inasemaje?

Sheria ya fidia kwa madhara, huku kwetu Tanzania Bara, msingi wake tuliurithi kwa Waingereza, na tarehe iliyoandikwa ya kupokelewa kwake ni 22 Julai 1920. Katika utaratibu huo mtoto anaweza kudaiwa fidia yeye mwenyewe, na mzazi hadaiwi kwa sababu ya uzazi tu. Lazima ionekane kwamba mzazi naye alizembea, kwa mfano alimpa mtoto kitu cha hatari au alijua tabia fulani akaiacha. Tena mtoto hapimwi kwa busara ya mtu mzima. Mwaka 1988, huko Birmingham, Uingereza, wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wakichezeana darasani kwa rula za plastiki kama panga, kipindi cha hesabu kikiwa ukingoni. Rula moja ikakatika, kipande kikaruka kikamwingia mmoja jichoni, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho lile. Kesi yao, Mullin dhidi ya Richards, ilifika Mahakama ya Rufani karibu miaka 10 baadaye. Majaji wakaona kwamba msichana wa kawaida wa umri ule asingetarajia rula ilete madhara kama yale, na mwenziwe hakuwajibishwa. Jicho limekwenda na hakuna wa kulipa. Najua sababu za kisheria zilizowafikisha majaji pale, na naziheshimu, lakini kila nikiifikiria kesi ile naona jinsi mahakama inavyoweza kusema kweli na bado mtu akarudi nyumbani na hasara yake.

Ufaransa wameelekea kwingine. Wazazi huwajibika kwa alichoharibu mtoto wao, na tangu uamuzi wa mahakama yao kuu wa mwaka 1997 mzazi hajiokoi kwa kuthibitisha kwamba alimlea na kumwangalia vizuri. Ujerumani mtoto aliye chini ya miaka 7 hadaiwi chochote, na wa miaka 7 hadi 18 hutazamwa kama alikuwa na ufahamu wa kutosha. Familia nyingi huko zina bima ya kulipia madhara wanayowafanyia wengine, basi miwani ikivunjika ni fomu na bahasha. Familia nyingi za kwetu hazina bima ya namna hiyo, wala hakuna atakayefungua kesi Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya kalkuleta. Kwetu wazazi hukaa wakaongea. Ndiyo maana swali hili haliishii kwa wanasheria. Tunaliamua sisi, katika vibaraza vyetu na ofisi za walimu.

Nami nasema mzazi atoe pesa, lakini asilipe peke yake kimyakimya. Wapo wazazi wema sana, wenye uwezo, ambao wakipigiwa simu hutuma fedha kwa simu hiyohiyo kabla ya jua kuzama, na mtoto wao hajui hata zilikuwa ngapi. Aliyeharibiwa amepona, sawa. Aliyeharibu amejifunza kwamba vitu vya watu hujirudisha vyenyewe. Mtoto awe na mkono wake katika malipo: sehemu ya pesa yake ya matumizi, kuku wake mmoja kama anafuga, mboga alizouza likizo. Hata ikiwa ni sehemu ndogo, iwepo. Halafu aende na mzazi wake mpaka duka la miwani, na yeye ndiye amkabidhi mwenzake kwa mikono yake.

Tahadhari moja hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemtajia mtoto wajibu wake, pamoja na haki zake, lakini pia imekataza kumtumikisha. Mvulana asigeuzwe kuwa mtumwa wa aliyemvunjia, afue sare zake na kumchotea maji muhula mzima. Nimewahi kusikia walimu wakiita huo "utaratibu wa ndani". Huo ni uonevu uliopewa jina zuri. Na mzazi asiye na kitu apewe muda, alipe kidogokidogo, mwalimu aandike, pande zote mbili zitie sahihi. Mzazi anayedai naye akumbuke kwamba kesho mwanawe ndiye atakayekuwa amekanyaga cha mwenzake.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni ule muda wa katikati. Kutoka siku kitu kilipovunjika hadi siku kitakapolipwa panaweza kupita wiki, mwezi, pengine hadi mazao yauzwe. Mtihani haungoji mazao. Katika siku hizo mtoto aliyeharibiwa anaishije?

Hapa nakumbuka hukumu ya shamba. Qurani, katika Suratul Anbiyaa, inamtaja Daud na mwanawe Suleiman wakihukumu kisa cha kondoo walioingia usiku katika shamba la watu wakalila. Wafasiri wanaeleza kwamba Daud aliona mwenye shamba apewe kondoo wale moja kwa moja. Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba akae na kondoo kwa muda, anywe maziwa yao na atumie sufu yao, na mwenye kondoo aingie shambani alilime na kulitunza mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Angalieni alichokiona kijana yule. Aliiona ile miezi ya kungoja mimea iote, akaijaza.

Basi na darasani tuijaze. Aliyevunja kalkuleta ya mwenzake ampe yake mpaka ile itengenezwe, na yeye ndiye ahangaike kuazima. Aliyechana daftari anakili upya kurasa zote zilizopotea, kwa mwandiko unaosomeka, kabla ya mtihani. Miwani haiazimishwi, kwa kuwa macho hayafanani, lakini wale wavulana wawili wanaweza kupangiwa zamu ya kukaa naye dawati moja, kumsomea kilicho ubaoni na kumwandikia anachoshindwa kukiona. Msichana ahamishiwe mstari wa mbele siku hiyohiyo. Haya hayahitaji senti moja, wala hayangoji simu ya mzazi. Yanahitaji mwalimu aliyeamua kwamba kesi haijaisha.

Nimefika kwa shule yenyewe. Kwa miaka mingi fomu za kujiunga na sekondari zetu zimekuwa na kipengele cha fedha ya tahadhari, yaani akiba ya kufidia mali ya shule itakayoharibiwa. Mwanafunzi akivunja kioo cha dirisha la shule, atakileta, na mzazi wake hataambiwa kwamba watoto wanacheza. Akivunja kioo cha miwani ya mwenzake, tunaambiwa shule haihusiki na mali binafsi za wanafunzi. Kwa nini kioo cha ukutani kina mwenyewe na kioo cha usoni hakina? Siitaki shule ilipe kila kilichovunjwa. Natambua hali za shule, hasa tangu ada ya shilingi 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni ilipofutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Nataka itumie nguvu ileile inayoitumia kudai dirisha lake: iite pande mbili, isikilize, iandike, ifuatilie mpaka deni liishe.

Pako mahali pamoja tu ambapo shule inapaswa kulipa kwa pesa yake. Ikiwa matroni amekusanya tranka zote na kuzifungia stoo, ufunguo anao yeye, na tranka likatoka limepasuliwa, kusema "hatuhusiki" hakufai. Sheria yetu ya Mikataba inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwangalifu angeitunza ya kwake. Ubao uliobandikwa mlangoni haumwondolei mtu dhamana aliyoipokea kwa mikono.

Na jambo ambalo shule isilifanye kamwe ni kulichangisha darasa zima kwa sababu mharibifu hajajitokeza. Utasikia "samaki mmoja akioza, wote wameoza." Methali hiyo ina mahali pake, ila haijawahi kuwa ushahidi dhidi ya mtoto aliyekuwa maktaba saa ile. Kenya waliyaonja haya kwa uchungu mwaka 2016, shule zaidi ya 100 zilipochomwa moto katika miezi michache. Katika shule nyingi wazazi wote walitakiwa kuchangia ujenzi wa mabweni sawasawa. Fikirieni mzazi ambaye tranka la mwanawe liliungua humo, pamoja na godoro na vitabu. Anunue vyote upya, kisha alipie na bweni lililochomwa na watoto wa wengine. Huyo amelipishwa mara mbili kwa kosa ambalo yeye ndiye aliyetendewa. Darasani ni vilevile, kwa udogo wake: yule msichana wa miwani naye yumo katika "darasa zima", kwa hiyo atachangia kununua miwani yake mwenyewe.

Januari shule zitafunguliwa, na baadhi yenu mtaitwa kwenye kikao cha kwanza cha wazazi. Itasomwa ratiba, yatasomwa matokeo, utasomwa mchango wa chakula. Kabla hamjasimama, mmoja wenu ainue mkono amwulize mkuu wa shule: mwanangu akivunjiwa miwani na mwenzake siku ya Jumatatu, Jumanne atakaa wapi, nani atamsomea ubao, na mimi nimwone nani? Mwombeni jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao.